Taa ya Burwash na Majina Yasiyochongwa



Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, kuna kijiji kiitwacho Burwash. Ni kijiji cha shamba, chenye njia moja kubwa, nyumba za matofali mekundu, na kanisa la kale la Mtakatifu Bartolomayo. Karibu na uwanja wa kanisa hilo umesimama ukumbusho wa vita uliojengwa kwa mawe, na juu yake pana taa. Taa hiyo haiwaki kila usiku. Huwashwa katika siku zilizohesabiwa tu. Ikifika tarehe aliyokufa mmoja wa vijana ambao majina yao yamechongwa pale chini, taa huwashwa, na kila apitaye njiani hujua kuwa leo ni siku ya mmoja wao.

Mtu wa Afrika ya Mashariki akisikia habari hiyo huenda akastaajabu. Waingereza hawajulikani sana kwa matanga marefu. Mtu wao akifa huzikwa kwa ibada ya saa moja, kisha jirani hunywa chai na kurudi kazini, na kulia kwa sauti mbele ya watu huhesabiwa kuwa kukosa adabu. Wapataje, basi, watu wa namna hiyo kuwasha taa kwa ajili ya kijana aliyekufa miaka zaidi ya mia iliyopita, ambaye hakuna aliye hai aliyepata kumwona uso wake?

Ili kulielewa jambo hili yapasa kwanza kujua uwanja wa kanisa ni nini katika kijiji cha Kiingereza. Kwa karne nyingi wanakijiji waliwazika wafu wao kandokando ya kanisa, babu hapa, mwana pale, mjukuu mbele yao, na kila Jumapili walio hai walipita katikati ya makaburi wakienda kusali. Mkulima maskini asiye na shamba lake mwenyewe alikuwa walau na hakika ya kitu kimoja, kwamba atalala katika udongo ule ule waliolala wazee wake. Ni hakika ambayo Mluo, Mkamba au Mluhya hahitaji kufafanuliwa.

Vita Vikuu vilivyoanza mwaka 1914 viliivunja hakika hiyo. Vijana walikufa kwa maelfu katika Ufaransa, Ubelgiji, Uturuki na Mesopotamia, nao wakazikwa huko huko walikoanguka, wengine bila kaburi lolote kwa kuwa mizinga ilikuwa imeichimbua ardhi na kuifukia tena mara nyingi. Mwanzoni wenye mali na wenye jamaa wakubwa waliweza kuwarudisha maiti wao. Mwezi Aprili 1915 kijana mmoja wa ukoo wa Gladstone, mjukuu wa yule Waziri Mkuu mashuhuri, aliuawa Ufaransa, na kwa ruhusa ya Mfalme maiti yake ikaletwa nyumbani, ikazikwa katika uwanja wa kanisa la Hawarden. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Wakubwa wa jeshi waliona kwamba haifai mwana wa bwana arudishwe na mwana wa kibarua aachwe, wakakataza kuwarudisha wote. Mwaka 1917 likaundwa Baraza la Makaburi ya Vita la Dola, nalo likaweka sheria iliyowachukiza matajiri wengi: kwamba jiwe la jenerali na jiwe la askari wa mwisho yawe ya kipimo kimoja, na kwamba kila aliyekufa, akiwa ameonekana au hakuonekana, jina lake liandikwe mahali.

Sheria hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ilimwacha mama wa shamba bila kaburi la kwenda. Ufaransa ilikuwa mbali, na nauli ya meli hakuwa nayo. Ndipo vijiji vikaanza kutaka mawe yao wenyewe.

Wajaluo wanayo desturi inayoweza kufananishwa na jambo hili. Mtu wao akifia mbali, akazama ziwani au akapotea vitani na mwili usipatikane, jamaa huchukua tunda kubwa la mti wa mwegea, wao huliita yago, na kulizika badala ya mwili, ili aliyepotea awe na mahali pake nyumbani. Jiwe la uwanja wa kanisa la Kiingereza ni kama yago ya kijiji kizima. Chini yake hapana mtu, na kila mtu wa pale ajua hivyo. Hata hivyo watu huweka maua.

Isidhaniwe kwamba mawe hayo yaliletwa na Serikali. Serikali haikulipa. Kila kijiji kiliitisha mkutano, kikachagua kamati, kikachanga fedha, kuanzia pauni za mwenye shamba kubwa hata peni za mjane. Wala mikutano hiyo haikuwa ya amani siku zote. Wengine walitaka msalaba. Wengine, hasa askari waliorudi, walisema afadhali ijengwe nyumba ya mikutano ambayo walio hai wataweza kuitumia. Wasiokuwa wa Kanisa la Kiingereza walinung'unika kwamba jiwe likiwekwa katika uwanja wa kanisa lile litakuwa la waumini wa kanisa lile tu. Na ilipokwisha amuliwa kwamba liwe uwanjani, padre alilazimika kupata kibali kutoka kwa ofisi ya Askofu, maana katika uwanja wa kanisa hapawekwi hata jiwe dogo pasipo idhini.

Halafu yakaja majina, na hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Nani ahesabiwe kuwa wa kijiji? Yule aliyezaliwa hapa lakini akahamia mjini, au yule aliyekuja kuwa mtunza farasi miaka miwili kabla ya vita? Aliyekufa kwa risasi peke yake, au na yule aliyerudi na mapafu yaliyoharibiwa na hewa ya sumu akafa kitandani kwa mama yake mwaka 1920? Katika vijiji vingi orodha ilibandikwa hadharani, penye mlango wa kanisa au posta, ili mwenye kuona kosa aseme kabla mwashi hajaanza kuchonga. Karatasi yaweza kufutwa. Jiwe halifutiki kwa urahisi. Tena kulikuwa na ubishi wa cheo. Vijiji vingine viliwatanguliza maofisa. Vingi vilifuata alfabeti, na hivyo mwana wa bwana mkubwa akajikuta chini ya mwana wa mchunga kondoo wake, mahali ambapo kamwe asingekaa kanisani alipokuwa hai.

Katika kijiji cha Burwash alikaa mtu mmoja aliyejulikana ulimwenguni kote, mwandishi Rudyard Kipling. Alikuwa na mwana mmoja tu, John. Vita vilipoanza John alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na macho yake yalikuwa mabovu sana, hata alikataliwa jeshini. Baba yake, aliyekuwa akiwahimiza vijana wote wa Uingereza waende vitani, akamwendea rafiki yake Lord Roberts, jemadari wa zamani, naye akamtafutia kijana nafasi ya uofisa katika kikosi cha Irish Guards. Mwezi Septemba 1915, karibu na mji wa Loos katika Ufaransa, John akatoweka katika vita. Alikuwa amepita umri wa miaka kumi na minane kwa wiki chache tu.

Hapakuwa na maiti. Kipling na mkewe waliwauliza askari waliorudi, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Katika mwaka 1917 alipoalikwa kuingia katika lile Baraza la Makaburi alikubali, akafanya kazi humo mpaka alipokufa mwezi Januari 1936, na maneno yanayosomwa leo katika makaburi ya vita ya Kiingereza pote duniani mengine yaliteuliwa naye, na mengine yalitungwa naye. Alikufa bila kujua mwanawe alilala wapi. Mwaka 1992 ndipo Baraza lilipotangaza kwamba kaburi moja la ofisa asiyejulikana lilikuwa la John, na hata hilo wako wataalamu waliolipinga. Lakini katika Burwash jina lake lilikuwa limechongwa zamani, pamoja na vijana wa mashamba, na taa ya John huwaka siku yake kama taa ya mwingine yeyote. Ni vema msomaji alishike jina hili la Kipling, kwa maana litarudi tena, tena katika mji wa Nairobi.

Wako waliopata hasara kubwa kuliko hiyo. Katika vilima vya Cotswold, upande wa magharibi, kuna kijiji kiitwacho Great Rissington, na katika ukumbusho wa vita wa kanisa lake la Mtakatifu Yohana Mbatizaji jina la ukoo mmoja linarudiwa mara tano: Souls. Albert aliuawa mwezi Machi 1916. Frederick akamfuata mwezi Julai. Walter alikufa hospitalini Rouen mwanzoni mwa Agosti. Wakabaki mapacha, Alfred na Arthur. Nao wakafa mwezi Aprili 1918, mmoja tarehe 20 na mwenziwe tarehe 25. Kwa muda wa miaka miwili na mwezi mmoja mama mmoja alipelekewa habari tano.

Husimuliwa kwamba mama huyo aliweka mshumaa dirishani kwa miaka mingi kwa ajili ya Frederick, kwa kuwa mwili wake haukuonekana, na aliyepotea usiku ahitaji kuiona nyumba. Husimuliwa tena kwamba alipewa shilingi moja kwa wiki kwa kila mtoto aliyekufa, na kwamba majirani wengine walimwonea kijicho kwa sababu ya fedha hizo, mpaka jamaa ile ikahama kijiji. Na tangu siku hizo, wimbo wa Mfalme ulipopigwa, yeye hakusimama. Wengine walimlaumu. Lakini ni vigumu kufikiri mtu ambaye angekuwa na haki ya kumwamuru ainuke.

Wala si mbali na hapo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kipo kijiji cha Upper Slaughter, ambacho waliokwenda vitani mwaka 1914 walirudi wote, na waliokwenda mwaka 1939 walirudi wote pia. Vijiji vya namna hiyo katika Uingereza na Wales vilivyoepukana na mauti katika vita vya kwanza ni zaidi kidogo ya hamsini. Mwandishi Arthur Mee aliviita vijiji vyenye shukrani. Catwick, katika Yorkshire, ni kimoja: walikwenda watu 30, wakarudi 30. Mhunzi wa pale alikuwa amepigilia sarafu 30 penye mwimo wa mlango wa karakana yake, moja kwa kila mtu. Na kwa kuwa mmoja alirudi bila mkono, sarafu yake ilikatwa kipande.

Yako pia majina ambayo kijiji kiliyajua vema lakini hakikuyachonga. Katika Shoreham, kijiji cha Kent, alitoka mtumishi wa shamba aliyeitwa Thomas Highgate. Alikuwa askari wa kwanza wa Kiingereza kupigwa risasi na wenzake katika vita vile kwa kosa la kutoroka, tarehe 8 Septemba 1914, baada ya kesi iliyokwisha upesi na bila mtu wa kumtetea. Ukumbusho wa kijiji ulipokuwa ukitengenezwa upya mwaka 2000, lilizuka shauri kama jina lake liongezwe. Baraza la kijiji likapiga kura, likakataa, ila nafasi ikaachwa huenda siku moja watu wakabadili nia. Mwaka 2006 Serikali ya Uingereza iliwasamehe kwa sheria askari zaidi ya 300 waliopigwa risasi namna hiyo, Highgate akiwa mmojawapo. Watu walijadiliana miaka themanini na sita baada ya kifo juu ya herufi chache katika jiwe. Atakayesema kwamba ni upuuzi hajui jina ni kitu gani.

Sasa habari hizi zaijia Afrika ya Mashariki.

Vita vile vilipiganwa huku vilevile, tangu Agosti 1914 hata Novemba 1918, kutoka Taveta na Salaita mpaka Mto Ruvuma, na kupita hata Msumbiji, mpaka von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini pale Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza. Askari wa Keya walipigana. Lakini mahali pasipo barabara, tena penye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe, hapana jeshi liwezalo kuendelea ila kwa vichwa na mabega ya watu. Ndipo wakatafutwa wapagazi, wale walioitwa Carrier Corps, jina ambalo Waafrika walilifanya kuwa Kariakor, na Dar es Salaam Kariakoo. Katika mwaka 1917 amri ilitolewa ya kukusanya watu kwa wingi, na machifu wakapewa hesabu ya kutimiza. Walichukuliwa kutoka Nyanza, Ukambani, Kikuyu, pwani na kwingineko, zaidi ya 100,000 kutoka Kenya katika mwaka ule peke yake.

Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua isiyo na hema, na unga ambao haukupikwa ukaiva, waliopewa watu wa viazi na ndizi ambao matumbo yao hayakuuzoea. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Ofisa aliyewasimamia, Oscar Watkins, aliwaandikisha kwa utaratibu ili kila mtu ajulikane ni nani na ametoka wapi, na baada ya vita alihangaika kwa miaka kudai mishahara ya waliokufa ilipwe. Sehemu kubwa haikulipwa.

Kwa hiyo haikuwa kwamba watu hao hawakuwa na majina. Majina mengi yaliandikwa. Tofauti ni kwamba katika Burwash na Great Rissington orodha ilibandikwa mlangoni, mama akaisoma na kusema herufi hii si sawa. Na huku orodha ilibaki ofisini, na wakubwa wakaamua, bila kumwuliza mama yeyote, kwamba Waafrika hawa wasichongewe majina. Baraza lilelile lililowaambia matajiri wa Uingereza kwamba wafu wote ni sawa lilikubali, katika miaka ya ishirini, kwamba katika Afrika ya Mashariki itatosha sanamu. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa pori.

Sanamu zilijengwa kwa heshima, hilo halikataliki. Dar es Salaam na Mombasa zilisimamishwa mwaka 1927, na Nairobi mwaka 1928. Ile ya Nairobi imo katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, watu watatu wa shaba nyeusi, na mmoja wao ni mpagazi. Chini yake pana maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Aliyeyatunga ni Kipling, yule baba wa John. Maneno hayo yataja habari ya wana watakaolikumbuka jina la baba yao; na chini yake hapana jina hata moja.

Mwezi Aprili 1921, kama mama wa Kimaragoli au wa Kikamba angalipata nauli ya kwenda po pote katika Dola, asingalipata jiwe lenye jina la mwanawe. Ilipita miaka mia moja kamili. Mwezi Aprili 2021 Baraza hilo, ambalo siku hizi huitwa la Jumuiya ya Madola, lilitoa taarifa ya uchunguzi wake lenyewe. Lilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa pasipo usawa, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi katika Bunge.

Tangu hapo kazi imeanza. Mjini Cape Town, mwezi Januari 2025, ulifunguliwa ukumbusho wa watu weusi wa Afrika ya Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita vile bila silaha mikononi, wachukuzi, vibarua na wengineo. Haukufanywa kwa jiwe. Ni nguzo za mti mgumu wa Kiafrika zilizosimamishwa katika bustani, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe ya kufa kwake.

Kwa upande wa Kenya Baraza limekuwa likitafuta majina katika makaratasi ya zamani ya jeshi na ya Serikali. Lakini karatasi nyingi zimekwisha potea, na majina mengine yaliandikwa na makarani ambao hawakuijua lugha ya mwenye jina, hata wakamwandika mtu kwa namna ambayo mama yake asingeitambua. Mahali pengine jina limehifadhika vizuri zaidi katika boma kuliko katika ofisi, kwa kuwa mjukuu alipewa jina la yule ambaye hakurudi kutoka Kariakor, na mjukuu huyo akampa mjukuu wake. Basi mzee ajuaye kwamba jina lake lilitoka kwa mtu wa namna hiyo, au mwenye sandukuni cheti cha zamani, kibao chenye namba au barua ya D.C. ya wakati ule, asikitupe. Na amwambie kijana aliyesoma amwandikie yote: jina, jina la baba, ukoo, lokesheni, na chifu aliyekuwapo mwaka 1917.